Bumu Si Mavuno: Elimu ya Fedha kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu



Kila ninapokutana na wanafunzi Wakatoliki wa vyuo vikuu, huwauliza swali moja kabla ya kuanza mada yoyote: bumu ni shilingi ngapi? Jibu huja kwa sauti moja, "Laki sita, Padre!" Tangu nianze kuuliza swali hilo, hajatokea hata mmoja wa kunijibu, "Elfu kumi." Kumbe jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni hilo la pili. Fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humkopesha mwanafunzi ilipandishwa katika mwaka wa masomo 2022/2023 kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kuwa hutolewa kwa mkupuo wa takriban siku 60, huingia katika akaunti ikiwa shilingi 600,000. Imekokotolewa kwa siku na italiwa kwa siku, lakini macho ya kijana wa miaka 20 huiona yote kwa pamoja.

Kwa wazee wetu ambao neno hili ni geni, bumu ndilo jina ambalo wanafunzi wenyewe wameipa fedha hiyo. Lina mlio wa neema ya ghafla, mfano wa mvua iliyonyesha usiku bila mtu kuitarajia. Mkulima akivuna, kilichomo ghalani ni jasho lake na ni mali yake. Bumu ni chakula cha miezi miwili kilichokopwa, na anayekila leo ndiye atakayekilipa. Nimeona niandike juu ya jambo hili kwa sababu parokia zetu nyingi huchangia ada za vijana, huwaombea katika Misa ya kuwaaga, kisha hazizungumzi nao tena juu ya fedha hadi siku linapotokea tatizo.

Mkopo wa Bodi ni mkopo wa namna gani

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Fedha inayotoa ina mafungu kadhaa. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, nayo fedha ya chakula na malazi, ya vitabu na ya mafunzo kwa vitendo humfikia mwanafunzi. Si kila mwanafunzi hupata mafungu yote, na wengi hupata sehemu tu ya ada, kiasi kwamba familia hulazimika kujazia. Hapo ndipo penye hatari ya kwanza, kwa kuwa fedha ya kujazia ada nayo hutumwa kwenye simu ya kijana, ikachanganyika na ile ya chakula, na baada ya majuma mawili hakuna anayeweza kusema ipi ni ipi.

Mwombaji hujaza fomu na mdhamini wake hutia saini. Nimewauliza wazazi wengi kama waliisoma fomu ile kabla ya kusaini. Wengi hucheka kwa aibu. Walisaini stendi, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi.

Mhitimu hupewa muda wa miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla ya kudaiwa. Akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi na kuipeleka Bodi. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikitozwa ili kulinda thamani ya mkopo, tozo ambayo ilifanya wengine walipe miaka kadhaa bila kuona deni likipungua. Iliondoa pia adhabu ya asilimia 10 kwa wacheleweshaji. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja.

Tufanye hesabu ya mwanafunzi mmoja. Tuchukulie kwamba amesoma miaka mitatu, akapewa fedha ya chakula kwa siku 240 kila mwaka, shilingi 200,000 za vitabu kwa mwaka, na ada ya shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Chakula kwa miaka mitatu ni shilingi 7,200,000, vitabu 600,000, ada 3,900,000. Jumla ni shilingi 11,700,000. Wanafunzi hushtuka wanapoona kwamba sehemu kubwa ya deni lao ni ile fedha waliyoipokea wenyewe mkononi, huku ada ikiwa theluthi tu. Kila sahani ya chipsi mayai aliyomnunulia rafiki usiku wa bumu imo katika hesabu hiyo, na itakatwa katika mshahara wake akiwa na miaka 30 na kitu.

Madeni tisa katika karatasi moja

Miaka michache iliyopita, katekista wa kigango kimoja alinijia akiwa amefadhaika. Simu yake ilikuwa imepokea ujumbe kutoka namba asiyoifahamu, ukisema kwamba kijana fulani, mtoto wa kigango chetu, ni mwizi na tapeli, na kwamba katekista amwambie alipe deni lake kabla ya saa kumi jioni. Jioni ile tukagundua kwamba ujumbe huohuo ulikuwa umefika kwa mwenyekiti wa jumuiya, kwa mwalimu wake wa sekondari, na kwa mama yake mzazi. Ninayoyasimulia hapa aliniambia mwenyewe nje ya kiti cha kitubio, ameniruhusu kuyaandika, na nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike.

Kijana huyu alikuwa mwaka wa pili. Kigango kilikuwa kimemchangia sehemu ya ada, na mama yake alikuwa ameuza mahindi kabla ya bei kupanda. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa mwanakwaya. Katika muhula wa kwanza aliishiwa wiki ya sita, akaona haya kupiga simu nyumbani, akakopa shilingi 50,000 kwa njia ya programu ya simu ambayo haikumwomba dhamana yoyote isipokuwa ruhusa ya kuona majina yaliyomo katika simu yake. Akabonyeza "kubali". Siku ya kurejesha ilipofika hakuwa na kitu, akakopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza.

Nilimkalisha ofisini, nikampa kalamu na karatasi tupu, nikamwomba aandike madeni yote. Alianza kwa kuandika matatu. Nilinyamaza. Akaandika la nne, akanyamaza naye, akaandika mengine. Ilichukua karibu saa nzima, na mwishowe yalikuwa tisa. Kwenye mstari wa pembeni nilimwomba aandike kwa kila deni kiasi kilichofika mkononi mwake hasa na kilitumika kwa nini. Matano kati ya yale tisa yalikuwa yamekopwa ili kulipa mengine. Fedha aliyoitumia kweli kwa chakula, chumba na masomo ilikuwa shilingi 430,000. Alikuwa akidaiwa shilingi 1,140,000.

Sikuwa na dawa ya ajabu. Tulitenganisha madeni ya watu (rafiki wawili na mwenye nyumba) na ya wakopeshaji wa simu. Marafiki aliwaendea mwenyewe, akakiri, akaomba muda, na wote wawili wakampa. Mwenye nyumba alikubali kulipwa kidogo kidogo. Kwa wakopeshaji, tulianza kuuliza ni nani kati yao mwenye leseni, na jibu lilikuwa la kusikitisha. Ada ya muhula ilikuwa imekwisha kutumika, hakuruhusiwa kufanya mtihani, akaahirisha mwaka. Alirudi nyumbani, akafundisha masomo ya jioni na kulima na mama yake msimu mmoja. Leo amerudi chuoni. Mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau: alichoumia zaidi si fedha, ni kwamba mwanawe aliona ni rahisi zaidi kumwambia mgeni wa kwenye simu kuliko kumwambia yeye.

Nimeisimulia habari hii kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho semina nyingi za fedha hazikigusi. Kijana yule alijua kujumlisha na kutoa. Alikuwa akisoma shahada yenye hesabu. Kilichomwangusha ni aibu. Deni lililofichwa hukua gizani, na kila anayelificha hulipa gharama ya kulificha juu ya gharama ya riba.

Kausha damu na mlima wa huruma

Watu wetu wameipa mikopo ya namna hii jina linaloistahili: kausha damu. Chukua mkopo wa shilingi 100,000 unaorejeshwa kwa shilingi 130,000 baada ya mwezi. Masikioni ni "elfu thelathini tu." Lakini asiyeweza kulipa, akawa anakopa upya kila mwezi ili kufuta deni la mwezi uliopita, baada ya miezi 12 atakuwa akidaiwa zaidi ya shilingi milioni 2.3. Riba ya mwezi ikilimbikizwa juu ya riba haitembei, inakimbia. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mkopeshaji yeyote liwe: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na lini? Wengine hukata "ada ya huduma" kabla hata ya kukupa fedha, ukasaini laki moja ukapokea elfu themanini.

Kanisa halikuanza jana kulitafakari jambo hili. Torati ilikataza kumtoza riba maskini wa taifa la Mungu (rej. Kut 22:25), na kitabu cha Mithali kinamwona mkopaji kuwa mtumwa wa aliyemkopesha (rej. Mit 22:7). Katika karne ya 15, Wafransisko wa Italia waliona maskini wa mijini wakimalizwa na wakopeshaji, nao hawakuishia kuhubiri. Mwaka 1462, katika mji wa Perugia, ulianzishwa mfuko ambao jina lake maana yake ni "mlima wa huruma": maskini aliweka rehani kitu chake, akakopeshwa kwa gharama ndogo. Mwenye Heri Bernardino wa Feltre alizunguka miji mingi akiihimiza mifuko hiyo. Wakatokea wanateolojia waliolalamika kwamba hata gharama ile ndogo ni riba. Mtaguso wa Tano wa Laterano, mwaka 1515, chini ya Papa Leo wa Kumi, ulijibu kwamba si riba ikiwa inafidia tu gharama za uendeshaji. Baadaye, mwaka 1745, Papa Benedikto wa Kumi na Nne alifundisha tena kwamba kudai faida kwa sababu tu umemkopesha mwenzako ni dhambi ya riba, ingawa zipo sababu nyingine halali za kupokea fidia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakwenda mbali: wafanyabiashara ambao kwa riba na uchoyo wao wanawatia watu njaa na kifo wanahesabiwa kuwa wamehusika katika mauaji, ijapokuwa si kwa mkono wao wenyewe (KKK 2269).

Ukiupima kwa kipimo cha mwaka 1515, mkopo wa Bodi na ile asilimia 1 yake ya uendeshaji uko karibu na mlima wa huruma. Nasema hivi kwa wale wanaoliita deni la Bodi "deni la Serikali" na kuona ni ujanja kulikwepa. Fedha inayorejeshwa hukopeshwa kwa wanafunzi wanaofuata, miongoni mwao wadogo zetu. Kulipa deni halali ni sehemu ya haki, tena ile haki ambayo bila yake hakuna namna nyingine ya haki inayowezekana (rej. KKK 2411).

Sheria ya nchi nayo ina la kusema. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne: wanaopokea amana, wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya akiba na mikopo yaani SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Wote wanapaswa kuwa na leseni au usajili wa daraja lao. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza "kubali", angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu. Anayetangaza deni lako kwa katekista na kwa mwalimu wako pia anagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hunyang'anywi haki zako kwa sababu unadaiwa.

Mkeka na mbegu

Juu ya kubeti nitasema kwa ufupi, maana vijana wanayajua mambo haya kuliko mimi. Katekisimu haisemi kwamba mchezo wa bahati nasibu ni dhambi kwa asili yake. Inasema haukubaliki kimaadili pale unapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake au ya wengine, na inaonya kwamba uraibu wa kucheza unaweza kuwa utumwa (KKK 2413). Fedha ya bumu ni fedha ya mahitaji kwa tafsiri yake yenyewe. Mwanafunzi anayeiweka kwenye mkeka hana ziada ya kuchezea. Anacheza na ugali wa wiki ya saba. Na mkeka ukichanika, atarudi kwenye ile programu ya simu.

Kuna pia upatu wa kitapeli, ambao hupenda sana kuvaa lugha ya dini. Wengi wenu mnaikumbuka DECI, ambamo watu walialikwa "kupanda mbegu" na kuahidiwa kuvuna kwa wingi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na baadaye viongozi wake wakahukumiwa mahakamani. Mavuno ya wachache wa kwanza yalikuwa ni mbegu za waliokuja nyuma yao. Mifumo ya namna hiyo, ambayo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, haijaisha. Imehamia kwenye makundi ya simu, na wanafunzi ndio wanaotumwa kuwaingiza wenzao. Tofautisheni huo na mchezo wa akina mama wa jumuiya, ambamo watu kumi wanaofahamiana wanachanga na kupokezana, na hakuna anayepata zaidi ya alichotoa.

Laki sita ikiingia

Nikiri jambo. Sisi tuliolelewa seminarini tulipewa chakula, kitanda na hata sabuni, na wengi wetu tulifika upadirisho bila kuwahi kulipa bili ya maji. Nilipopewa parokia ya kwanza nilikuwa nimesoma mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya riba, lakini sikujua kuisoma taarifa ya benki. Mhasibu wa parokia, mwalimu mstaafu, ndiye aliyenifundisha kwa uvumilivu mkubwa, na mengi ya yafuatayo ni yake.

Siku bumu linapoingia, ondoa kwanza kodi ya chumba. Tuseme geto ni shilingi 60,000 kwa mwezi: ondoa 120,000, zimebaki 480,000, yaani shilingi 8,000 kwa siku. Siku hiyohiyo au kesho yake nunua vya kukaa, yaani unga, mchele, maharage, mafuta na gesi ya mtungi mdogo. Wanafunzi wanaopika wawili au watatu pamoja hupata nafuu kubwa kuliko anayekwenda kwa mama ntilie mara tatu kwa siku, na tena hujuana hali. Kinachobaki kisikae kwenye simu. Kiache benki, na ujitumie kila Jumamosi kiasi cha wiki moja tu. Fedha iliyo kwenye simu iko mkononi, na iliyo mkononi huombwa, huazimwa, au huisha kwa bando. Weka pembeni japo shilingi 30,000 za dharura. Ndizo zitakazokuzuia kubonyeza "kubali" siku ukiumwa.

Vijana huniuliza kama bumu linatolewa zaka. Maoni yangu, na najua baadhi ya ndugu mapadre wataona vingine, ni kwamba fedha iliyokopwa kwa ajili ya chakula si pato. Kanisa linatutaka tulitegemeze kadiri ya uwezo wetu. Mwanafunzi atoe sadaka yake ndogo ya Jumapili kwa moyo mweupe, ajitolee muda wake katika kwaya na katika jumuiya ya TMCS ya chuo, na zaka aianze na mshahara wake wa kwanza. Sitaki kusikia kwamba mtu alitoa laki moja mbele ya altare kisha akalala njaa mwezi mzima.

Jambo gumu zaidi ni la fedha inayorudi nyumbani. Wapo wanafunzi, hasa wazaliwa wa kwanza, wanaokata sehemu ya bumu kumlipia mdogo wao michango ya shule au kumnunulia bibi dawa. Siwezi kuwalaumu; wanaitii Amri ya Nne kwa namna ya kugharimu. Lakini wazazi wajue fedha ile inatoka wapi. Anayedhani kwamba mwanawe "analipwa na Serikali" ataomba bila kipimo, na mtoto hatakuwa na ujasiri wa kukataa. Binti mmoja aliniambia kwamba alikuwa akituma nyumbani shilingi 150,000 kwa kila bumu, na kwamba upungufu wake ulijazwa na mwanamume mwenye umri wa baba yake. Nyumbani walimshukuru Mungu kwa mtoto mwema. Tangu siku ile, nikiwahubiria wazazi, nawaomba wakae na mtoto kabla hajaondoka na kumweleza ukweli wa pato la nyumba, kisha wakubaliane kiasi, hata kama kiasi hicho ni sifuri. Na akipiga simu wiki ya sita kusema ameishiwa, neno la kwanza lisiwe tusi.

Mshahara wa kwanza

Kwa wahitimu, na kwa wale walio kazini wanaosoma shahada ya uzamili, tuangalie mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, hukata asilimia 5, yaani 35,000. Kodi ya mapato, kwa viwango ambavyo shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, ni shilingi 49,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 21,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15, ni 105,000. Jumla ya makato ni shilingi 210,000, na kinachofika nyumbani ni 490,000. Yule mwenye deni la milioni 11.7 atakatwa hivyo kwa zaidi ya miaka tisa, labda mshahara wake upande. Kijana aliyepanga maisha yake juu ya laki saba, akachukua kiwanja na pikipiki kwa mkopo kabla hajaona karatasi yake ya mshahara, ameanza ujenzi wa mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama (rej. Lk 14:28-30).

Taratibu za utumishi zinataka makato yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Hiyo ni kinga, lakini wengi wameigeuza kuwa lengo: wanakopa hadi theluthi. Kisha, deni likipungua kidogo, wanaongezea mkopo juu ya mkopo, mara nyingi ili kulipia ada ya uzamili. Shahada ya uzamili ni jambo jema. Ninachoomba ni kwamba anayeitafuta aulize kwanza kama itampandisha cheo au mshahara kweli, na kama anaweza kuilipa kwa awamu kutoka SACCOS ambako yeye ni mwanachama. Mwenye akiba kidogo anaweza kuiweka katika vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambavyo huhitaji kiasi kidogo cha kuanzia, au benki, ambako Bodi ya Bima ya Amana hukinga amana hadi shilingi milioni 7.5 endapo benki itaanguka. Upatu wa mtandaoni hauna kinga yoyote ya namna hiyo.

Vyuo vikuu vingi hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba. Parokia inayotaka kuwaandaa vijana wake ifanye hivyo mwezi Septemba, kabla ya Misa ya kuwaaga, kwa Jumamosi moja tu. Waalikwe wanafunzi pamoja na wazazi au wadhamini wao, waketi meza moja. Aalikwe mwalimu mmoja au mhasibu anayeishi parokiani, na mhitimu mmoja anayekatwa mshahara, aje na karatasi yake ya mshahara. Kila mwanafunzi alete daftari na fomu yake ya mkopo, na fomu isomwe kwa sauti, kipengele kwa kipengele, mbele ya aliyeisaini. Kisha wagawe laki sita kwa siku 60, kila familia kwa bei za mji ambao mtoto wao anakwenda. Huko kwetu, zoezi hilo la mwisho lilichukua saa mbili, na wazazi ndio waliokuwa wagumu kuondoka.